Riwaya Iliyoanza Vizuri Ikaishia Njiani

Kinachoniudhi katika riwaya hii ya vijana, inayoazimwa sana na wanafunzi wa bweni hapa Tabora, ni kwamba mwandishi ameshika jambo zito kisha akalitelekeza. Sura za mwanzo zinaahidi mengi: wasichana wawili walioshibana tangu darasa la kwanza wanafarakana kidato cha pili, mmoja anaandamwa kwa kejeli hadi anakula peke yake nyuma ya bwalo, na usiku mmoja anatoweka. Ukurasa ule ambapo rafiki yake wa zamani anamwona akisukumwa kwenye foleni ya uji, naye anainamisha uso na kuendelea kukoroga kikombe chake, umeandikwa vizuri kuliko yote. Hapo ndipo palipostahili kuchimbwa.

Badala yake tunakimbizwa kwenye nyayo za matope, funguo zilizopotea na mlinzi wa usiku anayeshukiwa bila sababu, na hatimaye fumbo zima linateguliwa na barua iliyookotwa chini ya godoro, ambayo hapo awali haikudokezwa popote. Msomaji wa hadithi ya upelelezi ana haki ya kupewa nafasi ya kukisia mwenyewe! Waonevu nao wanaomba radhi kwa sentensi mbili, kisha wote wanakumbatiana. Mtoto aliyewahi kuonewa bwenini anajua kwamba mambo hayaishi hivyo, na ni yeye hasa aliyeandikiwa kitabu hiki. Mhariri alipaswa kuurudisha mswada na kudai sura za mwisho ziandikwe upya.