Mbuzi Katika Ghala la Mawese

Balaa hili lilianza na tamaa yangu ya kasi ya intaneti. Ghala langu la mawese liko Mwanga, mjini Kigoma, nami nalala Ujiji. Kila usiku nilikuwa nayatazama madumu yangu kwa simu kupitia kamera, kwa sababu nilikuwa nalipia anwani ya IP ya kudumu, yaani anwani isiyobadilika ya kulifikia ghala kwenye intaneti, zile namba nne zenye nukta katikati, ambazo nazikumbuka kuliko tarehe ya ndoa yangu (mke wangu ana habari hiyo). Kampuni ya intaneti iliponiambia ninaweza kupanda kutoka megabiti 5 hadi 20 kwa sekunde, nilitia saini papo hapo.

Siku mbili ukurasa wa kamera haukufunguka, nikausingizia umeme. Usiku wa tatu ulifunguka, nikaingiza nenosiri, na mahali pa madumu nikaona mbuzi kumi na mmoja wamelala wakicheua. Nilimpigia mlinzi. Akazunguka ghala zima na tochi, kisha akasema, "Bosi, humu hamna mbuzi." Nikamwagiza asimame mbele ya kamera apunge mkono. Akaapa kwamba anapunga. Mbuzi hawakushtuka. Kimya kilipita, halafu akaniuliza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, kama nimekunywa dawa.

Asubuhi fundi wa kampuni alinieleza kwamba anwani haiwi mali ya mteja, bali hutoka katika fungu la mtandao aliounganishwa nao. Kifurushi kipya kilinihamishia mtandao mwingine, na anwani yangu ikarudi funguni, akapewa mfugaji ambaye hakutaka kumtaja, mwenye kamera za aina ileile na nenosiri lilelile la kiwandani, ambalo sote wawili tuliona uvivu kulibadilisha. Ruta yangu, kile kifaa kinacholiunganisha ghala na intaneti, sasa ilibeba namba inayoanza na 100.64, yaani ya fungu ambalo wateja wengi hutumia wakiwa nyuma ya anwani moja, na mtu wa nje hawezi kuifikia. Fomu, kumbe, ilikuwa na mstari wa kuomba anwani ibaki. Niliuruka.

Nimelipia anwani mpya na nimebadilisha nenosiri. Mlinzi, hata hivyo, kila jioni akipokea simu yangu hutanguliza taarifa kabla ya salamu: "Leo hawajaingia, bosi."