Hamburg: kilichoiumiza ni pointi au tarehe?

Hadi mwaka 2008, mashindano ya tenisi ya Hamburg yalikuwa kwenye daraja la Masters, linalofuata chini ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote. Mwaka 2009 ATP, chombo kinachoendesha tenisi ya kulipwa ya wanaume, kiliyashusha. Bingwa wake akawa anapata pointi 500 za orodha ya ubora wa dunia, huku mabingwa wa Masters wakianza kupata 1000, na wiki ya mashindano ikahamishwa kutoka Mei hadi Julai. Wanaoutetea uamuzi huo na wanaoulaani wote huzungumza kana kwamba hilo ni jambo moja. Ni mawili, na hayakuuma sawasawa.

Hoja dhaifu tuimalize kwanza: kwamba Hamburg ilistahili kubaki kwa sababu ya umri wake. Hamburg ilianza 1892, miaka mitano kabla ya Monte-Carlo, ambayo pamoja na Roma ni Masters nyingine za udongo. Roma haikuwepo kabisa: mashindano ya Italia yalianzia Milan mwaka 1930. Lakini umri hauna hatimiliki ya kalenda. Hata mashindano haya yenyewe yaliwahi kuuacha mji wake, yakachezwa Bad Homburg kuanzia 1898 hadi 1901.

Hoja ya ATP ilikuwa na uzito kuliko mashabiki wa Ujerumani wanavyokubali. Katika miaka ya 1990 nchi hiyo moja ilikuwa na Hamburg ya udongo mwekundu, Masters nyingine ya ukumbini iliyotulia Stuttgart, na fainali za mwisho wa mwaka, Frankfurt kisha Hannover. Hiyo ilikuwa neema ya enzi za nyota wa Ujerumani Boris Becker, Steffi Graf na Michael Stich. Walipostaafu, neema ikaanza kugawanywa upya. Fainali za mwaka ziliondoka baada ya 1999, na mwaka 2002 Madrid ikaichukua nafasi ya Stuttgart. Mwaka 2009 Shanghai ilipewa Masters ya Oktoba, Madrid ikahamia udongo wa Mei, Hamburg ikatolewa. Kwa hiyo Madrid iliinyang'anya Ujerumani mara mbili ndani ya miaka saba.

Kulikuwa pia na tatizo la kalenda ambalo halikuwa la kubuni. Roma na Hamburg zilifuatana bila siku ya mapumziko katikati. Mei 2006, Rafael Nadal na Roger Federer walicheza fainali ya Roma ya seti tano kwa zaidi ya saa tano. Wote wawili wakajitoa Hamburg, ambayo ilianza kesho yake, na taji likaenda kwa Tommy Robredo. Mwaka uliofuata fainali za seti tano zikafutwa kwenye Masters, lakini msongamano ukabaki palepale.

Halafu kuna baridi. Kiwanja cha udongo ni tabaka jembamba la vumbi la matofali, milimita chache tu, juu ya matabaka ya kokoto na mawe yaliyosagwa. Kukiwa na unyevu, manyoya ya mpira hunasa chembe za vumbi hilo, mpira unakuwa mzito na haudundi juu. Mchezaji hulazimika kulegeza nyuzi za raketi kidogo ili mpira ufike mbali bila kuumiza bega. Paa la uwanja mkuu wa Rothenbaum, panapochezwa mashindano ya Hamburg, lililowekwa 1997, linaukinga uwanja huo tu. Mvua ikikaa siku nzima, mechi za viwanja vya pembeni zinasubiri, na ratiba ya wiki inabanana.

Ila hapa ndipo naona ATP ilikosea hesabu. Mpira mzito na mdundo wa chini ndiyo hali ambayo Paris yenyewe, inakochezwa Roland Garros, Grand Slam ya udongo, huitoa Mei ikiwa na mvua. Madrid iko karibu mita 650 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, mpira unapaa, na anayepiga servisi kali anafaidi zaidi. Kama shabaha ni kuwaandaa wachezaji kwa Roland Garros, Hamburg ilikuwa mtihani wenye ukweli zaidi. Federer hakuwahi kushinda Roma wala Monte-Carlo, lakini Hamburg alishinda mara nne. Mwaka 2007 aliukatiza hapo mfululizo wa Nadal wa ushindi 81 kwenye udongo, kwa 2-6, 6-2, 6-0. Uchovu wa Nadal ulichangia, sawa, lakini mdundo uliokataa kupanda hadi begani kwa Federer ulichangia pia.

Chama cha tenisi cha Ujerumani kilikwenda mahakamani Delaware, Marekani, kikidai ATP inavunja sheria za ushindani, kikashindwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama Agosti 2008, na rufaa ikagonga mwamba 2010. Monte-Carlo nayo ilikuwa imeshtaki, lakini ilikubali suluhu nje ya mahakama. Ilibaki Masters, yenye pointi 1000, ila wachezaji hawalazimiki kwenda. Kwa mtazamo wangu, makubaliano ya namna hiyo ndiyo Hamburg ilipaswa kuyapigania.

Kwa nini Julai iliuma kuliko pointi? Wimbledon, inayochezwa kwenye nyasi, ikiisha, wachezaji wakubwa hupumzika kisha huelekea Marekani kwenye viwanja vigumu. Kwenda Hamburg ni kutoka nyasi kuingia udongo, ambako mtu huteleza kuufikia mpira, kisha ndani ya wiki chache kurudi kwenye simenti ambayo hairuhusu kuteleza kirahisi hivyo. Magoti na vifundo ndivyo vinavyolipa.

Wakosoaji huonyesha mabingwa wa Julai kama ushahidi wa anguko: Leonardo Mayer alishinda 2017 baada ya kupoteza kwenye mchujo na kuingizwa kuziba pengo. Sikubaliani na kipimo hicho. Wakati wa Masters, Roberto Carretero alitwaa taji 1996 akiwa wa 143 duniani, na Albert Portas 2001, wote wakitokea mchujo. Kilichopungua ni majina makubwa kwenye raundi za kwanza, na hayo ndiyo yanayouza tiketi za Jumanne.

Mwaka 2025 Hamburg ilirudishwa Mei, ila si kwenye nafasi yake ya zamani. Madrid na Roma sasa zinachukua karibu wiki mbili kila moja, hivyo kilichobaki ni wiki inayogusana na Roland Garros. Flavio Cobolli alimshinda Andrey Rublev kwenye fainali ya Jumamosi, na Paris ikaanza Jumapili. Ni mbano ule ule wa 2006, tofauti ni kwamba sasa Hamburg ndiyo inayowachosha wachezaji kabla ya mashindano yanayofuata, kama Roma ilivyofanya wakati ule.