Kabati la Dukani Halikutengenezwa kwa Ajili ya Chumba cha Bukavu

Kabati langu la nguo lilipandishwa mlimani na wabebaji wawili, likiwa vipande ndani ya maboksi, kwa kuwa gari halifiki katika mtaa wetu. Fundi aliliunganisha mchana mmoja, nami nikapanga nguo jioni ileile. Kufikia mvua za Novemba mbao zake za chini zilikuwa zimevimba, mlango mmoja haufungi, na vitenge vya rafu ya chini vimeota ukungu. Kwa muda mrefu nilimlaumu muuzaji. Sasa ninaamini kwamba kosa linalotuponza wengi ni kulichukulia kabati la namna hii kuwa limekwisha kukamilika, ilhali lilibuniwa kwa ajili ya chumba kikavu, sakafu iliyosawazishwa, makoti ya kutundikwa na mwenye nyumba asiyehamahama.

Vyumba vyetu si hivyo. Mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, uko kando ya Ziwa Kivu, lenye uso ulio kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mvua hutunyeshea tangu Septemba hadi Mei. Kuta hutoa unyevu, na sakafu ya saruji hudekiwa karibu kila asubuhi. Makabati mengi ya dukani nayo hayajatengenezwa kwa mbao za mti mzima, bali kwa chembe za mbao zilizoshindiliwa pamoja na gundi, kisha zikafunikwa kwa karatasi ngumu yenye sura ya mbao. Uso wake huvumilia kufutwa kwa kitambaa chenye maji, lakini kingo zilizokatwa bila kufunikwa hunyonya maji, na zikishavimba hazirudi tena katika unene wake wa kwanza hata kiangazi kiwe kirefu namna gani.

Kwa hiyo badiliko la kwanza, ambalo ningelifanya kabla ya kutundika hata shati moja, ni kuliinua kabati kutoka sakafuni. Vipande vya mkaratusi au mvule vyenye urefu wa sentimita 10 vinatosha kuwa miguu, na kingo za chini zipakwe rangi ya mafuta au vanishi mara mbili. Kabati pia lisigusane na ukuta, bali liachiwe nafasi ya vidole vinne au vitano ili hewa ipite. Nimewaona watu wakibandua ule ubao mwembamba wa nyuma ili nguo zipate hewa, nami nawasihi wasifanye hivyo, maana ubao huo ndio unaolizuia kabati lisipinde na kulala upande. Afadhali fundi autoboe kwa keekee matundu machache chini na mengine juu.

Jambo linalonigusa zaidi liko ndani ya kabati. Ukilifungua unakuta fimbo ndefu ya kutundikia na rafu moja juu yake, kana kwamba mali ya nyumba ni suti na makoti. Katika nyumba zetu mali kubwa ya kitambaa hukunjwa: vitenge vya yadi sita, ambazo ni karibu mita tano na nusu, mashuka, mablanketi, na nguo za watoto. Mama mkwe wangu, ambaye hadi leo hutunza vitenge vyake ndani ya sanduku, aliniambia alipoliona kabati langu, "Binti yangu, hapa umenunua mahali pa kuning'iniza, mahali pa kuweka pako wapi?" Alikuwa na haki kabisa. Nilimwita fundi aikate fimbo katikati, asimamishe ubao wa wima, na upande mmoja autie rafu nne. Ubao huo wa wima unabeba kazi mbili, kwa sababu rafu ndefu ya chembe za mbao huinama polepole chini ya uzito wa vitambaa, na ukipunguza urefu wake kwa nusu, mwinamo wa mzigo uleule uliotandazwa sawasawa katika kila sentimita hupungua hadi sehemu moja ya 16. Nilimwomba pia rafu ziwe na kina cha sentimita 40, ingawa kabati lenyewe lina 60. Kina chote hicho ni cha nguo za kwenye henga. Ukikijaza vitu vilivyokunjwa unapata safu mbili, na safu ya nyuma husahaulika mpaka ukungu uikumbushe. Nafasi iliyobaki nyuma ya rafu hupitisha hewa.

Kwa sisi wapangaji kuna pia suala la kuhama. Skrubu iliyokazwa katika chembe za mbao haivumilii kufunguliwa na kufungwa mara nyingi. Tundu lililolegea lizibwe kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi, kisha litobolewe upya. Viungo vinavyobeba uzito ni heri vifungwe kwa bolti na nati.

Kitanda cha dukani nacho hakihitaji marekebisho mengi. Chaga zikiachana zaidi ya sentimita nane, godoro la sponji huzama katikati yake, basi ziongezwe. Nguzo nne za kushikilia chandarua ningezidai kwanza, kwani vitanda vingi vya dukani havina, na chandarua kilichofungwa kwenye msumari mmoja wa dari huwagusa watoto waliolala pembeni, na mbu huuma kupitia kitambaa kilichogusana na ngozi.

Kabati lililoinuliwa kwa miguu huanguka kwa urahisi zaidi, na hapa sitaki mtu yeyote apuuze. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilitikisa mji huu na ng'ambo ya Rwanda, na nchi yetu ya Kivu haijaacha kutetemeka. Hata bila tetemeko, mtoto akivuta droo zote na kuzipanda anaweza kuliangusha kabati zima. Mwaka 2016 nchini Marekani kampuni ya samani ya IKEA ilitangaza kuyarudisha kutoka kwa wateja madroo na makabati yapatayo milioni 29 baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa. Vyuma viwili vya pembe juu ya kabati, vilivyofungwa kwenye ukuta wa matofali kwa skrubu ndefu na plagi zake za kuzikaza tunduni, hulishikilia. Katika nyumba ya mbao skrubu ziingie kwenye nguzo, si kwenye ubao wa ukuta. Fundi aliyenifungia vyangu alimaliza kabla ya chai kupoa, na wanangu walikuwa wa kwanza kulisukuma ili kuona kama linatikisika.