Huyu anapiga asubuhi, simba anakufa saa saba mchana

Mwishoni mwa Novemba 1928, treni ilisimama usiku stesheni ya Dodoma. Ndani yake alikuwamo Edward, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, aliyekuja Tanganyika kuwinda. Katibu wake, Alan Lascelles, alisimulia baadaye kwamba katika joto la usiku ule yeye na mwindaji Denys Finch Hatton walikaa wakifumbua telegramu ya siri kutoka kwa Waziri Mkuu Baldwin: mfalme anaumwa sana, mwana arudi mara moja. Edward aliposomewa akasema haamini hata neno moja, ni ujanja tu wa Baldwin wa kutafuta kura. Mwisho wa yote aliondoka, akapandia meli ya kivita Dar es Salaam.

Kisa hicho kilitokea hapa hapa mjini kwetu, lakini kamera za siku zile zisingeweza kukinasa, kwani ndani ya behewa usiku hakukuwa na mwanga wa kutosha. Kilichonaswa katika safari za aina ile ni jua kali, nyasi ndefu, bwana mwenye kofia ngumu na mnyama aliyelala chini. Filamu hizo sasa ziko kwenye simu za kila mtu. Hifadhi za nyaraka za Uingereza zimezifanyia kazi kubwa: mradi mmoja uliozinduliwa mwaka 2010 uliorodhesha filamu zaidi ya 6,000 za makoloni yao yote, na baadhi zinatazamwa bure. Ndipo ubishi unapoanza. Wapo wanaotaka nakala ziletwe, zionyeshwe kwenye makumbusho na vyuo vyetu. Wengine wanasema ziachwe zioze huko huko ziliko, na kwa kweli nyingi zimeshaoza, kwa kuwa filamu za naitreti za enzi zile huharibika zenyewe na kushika moto kwa urahisi.

Mimi niko upande wa kuzionyesha. Ila sababu ninayoisikia mara nyingi, kwamba ni "historia yetu iliyohifadhiwa", hainiridhishi hata kidogo. Filamu hizi husema uongo, na zilianza mapema.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki na mwanawe Kermit. Kwa hesabu yake mwenyewe, wawili hao waliua wanyama 512. William Selig, mtengenezaji filamu wa Chicago, hakusubiri warudi. Akatafuta mwigizaji wa kufanana na Roosevelt, akawavika Wamarekani weusi wa mjini humo mavazi ya wapagazi, akanunua simba mzee, akapandikiza msitu studioni, na simba yule akapigwa risasi mbele ya kamera. Filamu ikaingia kwenye majumba ya sinema Roosevelt akiwa bado porini. Mwaka uliofuata zikatoka picha za kweli za safari hiyo, alizopiga Mwingereza Cherry Kearton, ambaye alikuwa Afrika hasa. Simba wa kuuawa hayumo. Watu waliokwisha kumwona simba wa Chicago akidondoka waliziona za Kearton zimepwaya.

Somo hilo halikusahaulika. Waliokuja baada ya hapo walijua mtazamaji analipia nini, na kama porini hakikupatikana, kilitafutwa kwenye meza ya kukatia filamu.

Niliuona ujanja huo kwa macho ya mtu mwingine. Baba yangu mkubwa anaishi Nkuhungu sasa, lakini ni mtu wa Kwa Mtoro, Msandawe, na miaka ya 1980 alikuwa traka kwenye vitalu vya uwindaji vya Rungwa, yaani yule anayetangulia mbele akisoma nyayo. Jioni moja nilimwekea kwenye simu filamu ya dakika kama nane, haina sauti, imeandikwa tu kwamba ni Tanganyika. Akaishika simu mbali na uso kwa sababu ya macho. Mzungu ananyanyua bunduki. Simba anaruka. Simba anaanguka. Mzee akaniambia nirudishe nyuma, kisha tena.

"Huyu anapiga asubuhi," akasema, "simba anakufa saa saba mchana."

Kivuli cha yule mwindaji kilikuwa kirefu, kimelala kuelekea upande wa kulia. Kivuli cha simba kilikuwa chini ya tumbo lake. Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara nne bila kuona.

Nikadhani tumemaliza, tumewakamata. Kumbe yeye ndiyo kwanza anaanza. Akataka tena pale wapagazi wanapopita. Akamwonyesha wa tatu: kata kichwani, mzigo juu yake, na kamba iliyofungia mzigo. "Hiyo gome la mbuyu. Ona ilivyokaa, katani haikai hivyo." Halafu akamsogelea mbeba bunduki, kijana anayesimama nyuma ya Mzungu kidogo kushoto, ameshika silaha ya pili. Simba anapoanguka, kila mtu anamtazama simba isipokuwa kijana yule. Anatazama majani ya pembeni. "Anamtafuta wa pili," mzee akasema. "Huyo ndiye mwindaji hapo. Wengine wako harusini."

Hoja yangu imekaa hapo. Kile ambacho filamu ilikusudia kukionyesha, ushujaa wa bwana, ndicho kilichotengenezwa. Ila hakuna aliyejishughulisha kumpanga mpagazi wa tatu, wala kumwelekeza mbeba bunduki macho yake yaende wapi. Kamera iliwachukua kwa bahati tu, walikuwa kazini. Kwa hiyo pembeni mwa picha kuna ushahidi ambao katikati hakuna: mizigo ilivyofungwa, moto ulivyowashwa, nani anasimama wapi mnyama anapokuwa hai na nani anasogea akishakufa. Lakini ushahidi huo hauzungumzi wenyewe. Unahitaji mtu wa aina ya baba mkubwa, na watu hao hawako London. Kwenye maelezo ya filamu ile wote hao wameandikwa kwa neno moja tu, "wenyeji".

Sasa upande wa pili, ambao kwetu uliingia na birika la chai. Mama mkubwa alifika wakati Mzungu yuleyule anavushwa kijito, amebebwa mgongoni na mtu mzima mwenye mvi. Akaweka birika chini.

"Zimeni hiyo. Baba wa watu anabebesha jitu zima mgongoni, nyie mnaangalia kamba?"

Akatoka. Sikuwa na jibu, na bado sina la kutosha. Maana hata ukikubali hoja yangu ya pembeni mwa picha, katikati ya picha pako palepale, na ndipo macho ya watu wengi yanapokwenda. Filamu hizi zilitengenezwa ili mtu wa New York acheke na kushtuka. Katika filamu ya mwaka 1932 ya Martin na Osa Johnson, mume na mke wa Kimarekani, iliyopigwa Kongo, Wambuti, watu wa misitu ya huko, wanapewa sigara nene na maputo ili watazamaji wafurahie wanavyohangaika navyo. Ukimwonyesha hivyo mtoto wa darasa la sita bila mtu wa kusimamisha picha na kuuliza maswali, umeirudia dhihaka ileile, safari hii kwa gharama yako.

Kuna pia jambo la sheria, na hili baba mkubwa analijua kwa uchungu zaidi kuliko mimi. Wakati mabwana wale wanapigwa picha na pembe za ndovu, wamekata leseni na kazi yao inaitwa mchezo. Msandawe aliyetoka na upinde wake kutafuta kitoweo, kama baba yake alivyofanya na kama michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, inavyoonyesha watu na wanyama tangu zamani mno, akaanza kuitwa jangili. Hata maneno yetu ya mahakamani yanabeba mgawanyo huo: pembe sebuleni kwa tajiri ni kumbukumbu ya safari, pembe chini ya kitanda cha mkulima ni nyara za serikali. Filamu hazikutunga sheria, lakini zilimzoesha mtazamaji kuona bunduki ya bwana kuwa mahali pake na upinde wa mwenyeji kuwa pambo la mandhari.

Wanaozitetea hujibu kwamba kamera ndiyo iliyowaokoa wanyama. Kuna ukweli hapo. Finch Hatton huyohuyo wa stesheni ya Dodoma alikuja kuandika kwenye gazeti la The Times kulaani watu waliokuwa wakiua simba wa Serengeti kutoka ndani ya magari, na Edward aliporudi Afrika Mashariki mwaka 1930 alikuwa na hamu zaidi ya kupiga picha za sinema kuliko kuua. Mabadiliko ya namna hiyo kwa watu wenye sauti hayakuwa madogo. Lakini tazama vizuri kilichobaki kwenye picha bunduki ilipotoka: pori, wanyama, anga. Watu wamekwisha. Mwaka 1959 Wamaasai wakaondolewa Serengeti, na sidhani ilikuwa vigumu kuwashawishi watu wa Ulaya, ambao kwa miaka 30 walikuwa wameonyeshwa nchi isiyokaliwa na mtu.

Na tusijidanganye kwamba haya ni ya Waingereza tu. Rungwa ni pori la akiba tangu 1951, na wageni wanaendelea kuwinda humo kwa vibali halali vya serikali yetu, kwa dola zinazosaidia kulipa askari wa wanyamapori. Sitaki kuingia leo kwenye ubishi wa kama dola hizo zinatosha. Ninachosema ni kwamba picha ni ileile. Baba mkubwa alinieleza kazi yao baada ya mnyama kuanguka: kufuta damu puani, kurudisha ulimi mdomoni, kuweka kijiti chini ya taya ili kichwa kisimame, kukata nyasi zilizo mbele, kisha wao wenyewe kutoka kwenye picha. "Tulikuwa tunamfanya aonekane anapumzika," alisema. Ndiyo maana nawaelewa wanaohofia kwamba onyesho la filamu za kale, likiandaliwa vibaya, litageuka tangazo la biashara.

Pamoja na hayo, nasema zije. Ziletwe Dodoma, na Manyoni, na Kwa Mtoro, kabla wale wanaojua gome la mbuyu likikaa juu ya mzigo hawajatuishia. Zionyeshwe kwa watu wazima kwanza, simu au projekta iwe mikononi mwa anayeweza kusimamisha na kurudisha, na yale maneno ya msimulizi wa Kiingereza, kama yapo, yazimwe kabisa mara ya kwanza. Kila kinachotambuliwa kiandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya mtambuzi, kisha kirudishwe kwenye orodha ya hao wenye filamu. Neno "wenyeji" liondolewe, liwekwe mpagazi, mbeba bunduki, mpishi, mvushaji.

Nilimsomea mama mkubwa aya hiyo ya mwisho. Akauliza huyo mzee wa mtoni ataandikwaje. Nikamwambia, mvushaji. Akasema nitafute kwanza kama alikuwa na la kukataa, ndipo nimwandike hivyo, na kwamba onyesho likifanyika tutafute ukumbi, si sebuleni kwake.