Shoti ya umeme si adhabu

Huku Pemba ukisema mgonjwa atibiwe kwa umeme, watu watakuangalia kana kwamba mgonjwa ni wewe. Shoti tunayoijua ni ya waya ulio wazi, inayoua mafundi. Hofu hiyo naielewa. Ninachobishia ni kuuogopa umeme kuliko katatonia, yale maradhi ya mtu kuganda asiseme wala kujitikisa, na kuganda kunaua.

Katatonia inadanganya kwa sababu mtu hapigi kelele wala havunji kitu. Nilimwona mama mmoja mtaani akivalishwa baibui. Shangazi yake alimwinua mkono, akageuka kuchukua mtandio, aliporudi mkono bado uko juu vile vile. Uji waliomlisha ulikaa mdomoni mpaka ukachuruzika kidevuni. Wakasema ana jini bubu. Ubani ukachomwa, kombe likaletwa, na kombe nalo hakulimeza.

Sina ugomvi na kisomo. Msomeeni, lakini awe na dripu mkononi. Asiyekunywa figo zake zinafeli. Asiyejitikisa damu huganda miguuni, na bonge likipanda mapafuni ndiyo basi tena. Akipata homa huku kakakamaa, hiyo ni dharura. Kwa sisi wa Wete, Kidongo Chekundu, spitali ya maradhi ya akili, iko Unguja, ng'ambo ya bahari, na familia huahirisha boti mpaka kisomo kiishe. Spitali ya karibu ipo. Aanzie hapo, apimwe, maana hata maambukizi ya ubongo humgandisha mtu.

Tena umeme si dawa ya kwanza. Ya kwanza ni lorazepamu, dawa ya kutuliza: wengine wakidungwa huanza kusema ndani ya dakika chache. Haloperidoli, dawa ya wazimu wanayokimbilia wengi, inaweza kumzidishia. Lorazepamu ikishindwa, au roho iko hatarini, hapo ndipo shoti, na kwa katatonia sijui tiba inayorudisha watu wengi kuliko hiyo.

Asili ya shoti yenyewe ni maradhi haya haya. Mwaka 1934, Budapest, Hungaria, daktari Ladislas Meduna alimdunga kafuri mgonjwa aliyeganda ili apate degedege (naam, kafuri, tunayowatilia maiti). Umeme wa kuleta degedege hilo ulikuja 1938, Roma, kwa madaktari Ugo Cerletti na Lucio Bini.

Siku hizi mgonjwa hupigwa nusu kaputi, akapewa dawa ya kulegeza misuli na oksijeni. Degedege kwa kawaida halifiki dakika nzima, na anayetazama huenda asione zaidi ya vidole vya miguu kutikisika. Hurudiwa mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Akiamka kichwa humuuma, huchanganyikiwa kidogo, husahau mambo ya siku zile, na wapo wanaosahau hata ya nyuma zaidi. Daktari asiwafiche ndugu jambo hilo, kwa kuwa mgonjwa asiyesema hawezi kukubali mwenyewe.

Zamani ilifanywa bila nusu kaputi, watu wakavunjika mifupa. Wazee walikuwa na haki ya kuogopa. Wakituletea mashine bila mtaalamu wa usingizi, nami nitaikataa.