Trekta limejengewa banda, mi nasemwa

Jana jioni nimekaingiza katrekta kangu bandani, nikafunga mlango, nikapiga picha nikaitupia kwenye grupu la familia. Kosa langu ndo hilo. Nilikuwa nimefurahi tu, kazi ya kutwa nzima imeisha, oili imemwagwa, visu vimenolewa, betri nimeitoa, mikono inanuka petroli, kijua cha Oktoba kinazama, sasa kitu kama hicho unakaaje nacho peke yako. Dakika mbili hazijaisha shemeji katuma voisi: "Yaani shemeji, trekta lina nyumba ya bati, mi choo changu hakina mlango." Wakacheka wote. Baba mdogo, ambaye mchango wa msiba anaombwa mara tatu ndo ajibu, leo kaweka vidole gumba vinne.

Haya. Kwanza hiki kitu kieleweke maana kuna waliodhani nimeanza kulima Marekani. Ni trekta la kukatia majani ya uani, unakaa juu yake kama umepanda punda mfupi, chini ya tumbo kuna visu viwili vinazunguka, upana inchi 42, basi. Halivuti jembe wala halibebi mpunga. Nililinunua dola 600 kwa mzee jirani aliyekuwa anahamia kwa binti yake. Na mtu asiniulize kwa nini nisichukue kwanja. Uwanja ni karibu nusu ekari, na mi nimefyeka sana shule ya msingi, kila nikichelewa namba nafyeka, deni langu nililimaliza kabla sijafika darasa la saba. Halafu huku majani si hiari. Kwetu ukiacha majani uani unaambiwa unafuga nyoka, watu wanafagia mpaka udongo unang'aa, huku ukibaki na udongo mtupu jirani anakuonea huruma. Na yakirefuka pia kesi, hapo Minneapolis yakipita inchi 8 mji unakuandikia barua, ukikaidi wanakuja kukata wenyewe na bili inakufuata.

Ila hayo ya majani tuyaache, mi nataka kusema habari ya daftari.

Yule mzee aliponikabidhi ufunguo alinipa na daftari dogo limetobolewa kona, lina penseli imefungwa kwa uzi. Ndani ni tarehe tu na masaa ya injini, kuanzia 2003. Oili. Plagi. Oili. Mkanda mpya. Oili na chujio. Na kuna mahali ameandika neno moja, "Panya", akalipigia mistari miwili. Nikaona hizi mbwembwe za wazee wasio na kazi. Baridi ya kwanza ilipokuja nikalifunika turubai hapo hapo nje, tofali nne juu upepo usilibebe, si ndo tunavyofunika kila kitu kwetu, nikaingia ndani kulala.

Sasa huku Minnesota nyuzi ishirini chini ya sifuri si habari. Mwezi wa nne nafunua, nageuza ufunguo, kimya. Betri ilikuwa imeisha chaji ikaganda ikapasuka ubavuni. Petroli imechacha tangini, maana ya huku nyingi wanaichanganya na ethanoli asilimia 10, inavuta unyevu, na ikikaa miezi inaacha utomvu kama gundi ya fenesi kwenye kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa. Nafungua kifuniko cha injini, panya kajenga humo na familia, kakata na waya. Ndo nikaelewa ile mistari miwili.

Fundi wa huku akapiga hesabu ya dola 280, kabureta mpya ndani yake. Nikamuuliza hii ya zamani haioshwi? Akaniangalia kama nimemsemesha Kipogoro. Jamani. Ifakara pale stendi fundi boda anaifungua kabureta juu ya gunia, anaiosha na petroli ya kwenye chupa ya maji, anazibua kitundu kwa uzi mmoja wa waya wa breki, anapuliza kwa mdomo, nusu saa umeondoka umemwachia elfu tano na soda. Siku hiyo niliipenda kwetu mpaka machozi. Nikampigia video rafiki yangu fundi, kwangu saa tisa mchana kwake saa tano usiku, akaniongoza kitundu kwa kitundu, likawaka. Kwa hiyo anayesema nadharau nyumbani ajue aliyelifufua ni mtu wa nyumbani. Tena alinigombeza: "We kaka, ulilazaje mashine na petroli kwenye kabureta? Boda ikikaa mwezi hapa tunaifunga." Anajua! Watu wanajua kabisa, ndo kinachoniuma.

Basi nikajenga banda. Futi 10 kwa 12, chini nimemwaga kokoto lisikae kwenye unyevu, mlangoni ubao wa kupandia. Banda lisilozidi futi za mraba 200 hapa halidai kibali cha ujenzi, ila mji bado unakuambia uliache mbali kiasi gani na mpaka wa jirani. Na kila Oktoba nafanya mambo yale yale: petroli naitia dawa ya kuizuia isichache halafu naliwasha dakika kumi dawa ifike kwenye kabureta, namwaga oili ingali ya moto, nachomoa waya wa plagi inayowasha injini kwanza ndo naingiza mkono kwenye visu, nakwangua majani yaliyoganda chini maana hapo ndipo kutu inapoanzia. Kisu nikishanoa nakitundika kwenye msumari kwa tundu lake la katikati, upande ukishuka ni mzito, naupiga tupa kidogo mpaka kilale sawa, usipofanya hivyo trekta linatetemeka kama daladala bovu. Matundu yote nayaziba na stili waya ile ya kusugulia sufuria, panya hapendi kuitafuna. Betri inalala ndani ya nyumba na sisi. Mke wangu ana maoni yake juu ya hilo.

Sasa nirudi kwetu. 2009 serikali ilipokuja na wimbo wake wa Kilimo Kwanza, kikundi cha wakulima wa mpunga kijijini kwetu kilipata pawatila, kile kitrekta cha kulimia unachokiongoza kwa mikono. Siku ya makabidhiano kulikuwa na ngoma, sare, hotuba mbili za mtu mmoja, soda zikatosha mpaka watoto. Hela ya mashine ilikuwepo, ya viti na maturubai ya wageni ilikuwepo, ya mkanda mmoja wa akiba haikuwepo. Msimu wa pili mkanda ukakatika. Ikasukumwa chini ya mwembe isubiri kikao, kikao kikasubiri mhasibu, mhasibu yuko Mahenge kwa mkwewe. Masika mbili zikainyeshea. Kuku wakaanza kutagia kwenye boksi la spana, spana zenyewe zilishaondoka. Mara ya mwisho naiona haikuwa na matairi, na yalipo nayajua, yako kwenye mkokoteni wa mtu ambaye mpaka leo nikipita namwamkia shikamoo.

Najua mnachotaka kuandika. "Wenzenu wana hela." Mkanda ulikuwa bei ya kreti ngapi za zile soda? "Umekuwa mzungu." Mzungu gani, hao wa huku nao wasijisifu, kila mwezi wa tano barabarani kwetu wanatoa mashine zimebandikwa karatasi ya chukua bure, ukifungua ni kabureta tu, nimeshafufua mbili kwa waya wa breki nikazigawa. "Watu hawana pa kulala we unalijengea trekta." Shemeji, hela ya mlango wa choo ilitumwa mwaka jana mwezi wa sita, risiti ya muamala ninayo, tusiyaanze.

Na baba yangu je, alikuwa mzungu? Alikuwa na baiskeli ya Phoenix, aliinunua sijazaliwa na alipofariki bado inakwenda sokoni. Kila Jumamosi jioni anaigeuza matairi juu, anatoa kitambaa chake ambacho ole wako ukifutie kitu kingine, oili anaiba ile ya cherehani ya mama, tone kwenye mnyororo, tone kwenye pedeli, anazungusha anasikiliza kama daktari. Usiku inalala sebuleni. Nyumba ya vyumba viwili, watoto sita, na baiskeli ina ukuta wake, ukiamka kwenda kukojoa unagonga ugoko kwenye pedeli unanyamaza. Hakuna aliyesema baba anaringa! Ila baba huyo huyo alikuwa mwanachama wa kile kikundi, na ile pawatila alikuwa anaipita kila siku akiwa juu ya Phoenix yake inayong'aa, na hakuwahi kushuka. Nilimuuliza mara moja akasema, "Ile ni ya kikundi." Alisema kama mtu anayeniambia leo ni Jumanne.

Nimekaa na hilo jibu miaka mingi na bado linanikera, na ni baba yangu, na nilikuwa nampenda.

Leo asubuhi mama kapiga. Kaiona picha kwenye simu ya mdogo wangu. Hakucheka kama wale wengine, alikuwa anauliza kwa utaratibu. Lina bati la geji gani. Nikamwambia. Lina umeme? Nikasema ndiyo mama, taa moja na soketi ya kuchajia. Akanyamaza kidogo, kwake umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Halafu akauliza, "Na nani analala humo?"

Nikamwambia panya, mama, ndo nahangaika wasiingie.