Ninalinda nusu mwanya

Nilikumbuka riteina yangu tukiwa katikati ya Kitonga. Basi linapanda kwa kujikongoja nyuma ya lori la mafuta, abiria wa dirishani wanachungulia bondeni, mimi napekua mkoba. Kopo la bluu lilikuwepo. Ndani hamna kitu. Riteina nilikuwa nimeiviringisha kwenye tishu pale Ruaha Mbuyuni tuliposhuka kula, nikaiweka kando ya sahani ya chipsi, halafu konda akaanza kupiga kelele kwamba muda umeisha. Mhudumu gani atafungua tishu iliyotumika ili aone kama ndani yake kuna plastiki iliyomgharimu mtu mshahara? Kutoka hapo hadi Uyole nilipata saa nyingi sana za kujilaumu.

Kwa asiyeijua, riteina ni kile kifaa unachopewa siku unapotolewa waya za meno, kazi yake kuyashikilia meno pale yalipofikishwa. Na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Siku ya kutolewa waya watu wanapiga picha, wanaweka kwenye status, mzazi anamshukuru Mungu kwamba gharama zimekwisha. Mimi pia. Miaka miwili ya waya nilihesabu mwezi kwa mwezi. Maelezo ya riteina niliyasikiliza nimesimama, mkono mmoja uko kwenye kitasa cha mlango. Daktari naye alikuwa na foleni. Tukaagana kwa furaha, kila mmoja akidhani mwenzake ameelewa.

Wengi tunadhani jino limekaa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Sivyo. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzinyuzi zinazolining'iniza, na ndiyo maana waya zinaweza kulisogeza: upande unaokandamizwa mfupa unalika, upande wa pili mfupa mpya unajengeka. Waya zikitoka, huo mfupa mpya bado mchanga, na nyuzi za ndani ya fizi zimevutika kama mpira wa manati. Hizo za fizi ndizo zenye ukaidi. Zinaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kabla hazijakubali makao mapya. Ndiyo sababu miezi ya mwanzo madaktari wengi wanakuambia uvae usiku na mchana, utoe wakati wa kula na kupiga mswaki tu, kisha baadaye uvae usiku. Ukiuliza "hadi lini?" jibu la kweli halifurahishi: kwa muda wote utakaotaka meno yabaki yalivyo. Hata mtu ambaye hajawahi kuvaa waya, meno yake ya mbele chini huanza kubanana kadiri umri unavyokwenda.

Sasa, mimi tatizo langu lilikuwa mwanya. Najua, najua. Mwanya kwetu ni urembo, na bibi yangu wa Tukuyu, ambaye nimeurithi kwake, aliichukulia habari ile kama tusi la ukoo. "Mjukuu wangu, wenzako wanauomba kwa Mungu, wewe unalipa hela uzibwe?" Sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na wangu ulikuwa mpana kiasi cha kupitisha punje ya mchele wa Kyela bila kugusa kuta. Nikauziba. Ambalo sikujua ni kwamba mwanya wa mbele ni miongoni mwa vitu virejeavyo kwa kasi kabisa, na ndiyo maana mara nyingi mwenye mwanya hugundishiwa pia kiwaya chembamba nyuma ya meno hayo mawili. Mimi kiwaya niliwekewa chini tu. Juu nilikuwa na ile plastiki angavu, ambayo sasa ilikuwa kwenye pipa la taka Ruaha Mbuyuni.

Nikajiambia nitatengeneza nyingine nikishuka tena Dar. Ikapita miezi mitano. Mwezi wa pili ulimi wangu ulianza kugusa kitu ambacho hakikuwepo, kauwazi ka unene wa kucha, na mimi najifanya sijakihisi. Kwa hilo simlaumu konda.

Nilipokwenda hatimaye, daktari mwingine, hapa hapa Mbeya, aliniambia kwa upole kwamba riteina haisogezi meno ya namna hiyo. Inayashikilia yalipo. Nirudie waya kwa miezi kadhaa, au tushike hapa yalipofikia. Mfuko ukajibu kwa niaba yangu. Tukachukua umbo la meno kwa ule uji mzito unaokuziba pumzi, likamiminwa plasta, na juu yake ikatengenezwa riteina ya kulinda nusu mwanya.

Hiyo ya pili niliiua mwenyewe, mwezi wa saba. Mnaoijua Mbeya ya Julai mnajua maji ya bomba asubuhi yanauma vidole. Nikaona niioshe kwa maji ya moto ya kwenye chupa ya chai, kidogo tu, iue na vijidudu. Ikajikunja mbele ya macho yangu kama mfuko wa nailoni karibu na jiko. Nilipoelezwa baadaye niliona aibu, maana jambo lenyewe ni dogo: plastiki ile hupewa umbo kwa kupashwa moto hadi ilainike na kuvutwa juu ya plasta. Ukiipa moto tena, inaachia umbo. Kwa hiyo hata kuiacha juu ya dashibodi ukielekea Chimala na jua la Oktoba ni hivyo hivyo. Maji ya baridi au vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa peke yake, basi. Dawa ya meno huikwaruza ile angavu, na kwenye mikwaruzo ndipo harufu inapohamia. Jiki usithubutu, hasa yenye waya. Na chai ya maziwa yenye sukari ukiwa umeivaa ni kuyalowesha meno kwenye sukari huku umeyafunika mfuniko. Toa kwanza, kunywa, sukutua, rudisha.

Sasa navaa ya aina ya zamani, ya Hawley: bamba la akriliki kwenye kaakaa na waya mmoja unaokatiza mbele. Si nzuri kwa picha. Wiki ya kwanza nafundisha hesabu kidato cha pili, "sita mara saba" inatoka kama mtu anayepuliza uji, na darasa zima limeinamia madaftari mabega yakitikisika. Baada ya siku kumi hivi ulimi ulizoea. Ninaipenda kwa sababu ni ngumu, na waya ukilegea daktari anaukaza kwa koleo bila kutengeneza upya. Kwa mtu anayeishi mbali na kliniki hiyo si faida ndogo.

Kile kiwaya cha chini nacho watu hukisifu kwamba hakisahauliki mezani. Kweli, ila kinakusanya ukoga kuliko sehemu yoyote ya kinywa, maana chini ya ulimi hapo ndipo yanapofungukia matundu makubwa ya mate, na madini ya mate hugeuza utando kuwa jiwe. Lazima upenyeze uzi wa meno chini yake, na hindi la kuchoma la Igawilo ulipukuchue kwa vidole. Mimi nililing'ata, upande mmoja ukabanduka.

Mzazi unayejiandaa kumpeleka mwanao, nakuomba swali la riteina uliulize siku ya kwanza, kabla hata ya bei ya waya. Zitakuwa ngapi? Ikipotea, ya pili bei gani? Lile umbo la plasta nitapewa nikae nalo? Ukiwa nalo, na ukawahi kabla meno hayajahama, nyingine inatengenezwa juu yake. Mimi la kwangu liko kabatini, limefungwa kwenye soksi.

Krismasi nilipanda Tukuyu. Bibi alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaangalia muda mrefu. "Umerudi," akasema, "ila umerudi nusu." Wakati wa kula nikatoa riteina nikawa natafuta kopo. Akanyoosha mkono, akaipokea bila kukunja uso, akaifunga kwenye pindo la khanga yake, kule anakoweka hela ya kanisani, akavuta fundo kwa meno. Tulipomaliza ndizi ilibidi nimwombe mara mbili ndipo anirudishie.